Sataranji ya timu mtandaoni: pataneni kwanza, chezeni baadaye

Tarehe 30 Agosti 2020, fainali ya Olimpiadi ya Sataranji ya Mtandaoni kati ya India na Urusi ilivurugwa na jambo lisilohusu kete wala ubao. Mechi ya kwanza ilikuwa imeisha sare ya 3–3. Katika mechi ya pili intaneti ikayumba sehemu nyingi za dunia, na wachezaji wawili wa India, Nihal Sarin na Divya Deshmukh, wakakatika huku saa zao zikiendelea kuhesabu hadi muda ukawaishia. India wakakata rufaa. Rais wa shirikisho la dunia la sataranji, FIDE, Arkady Dvorkovich, akaamua dhahabu iende kwa timu zote mbili. Siku chache kabla ya hapo, kwenye robo fainali dhidi ya India haohao, Armenia nao walikatikiwa na mtandao, rufaa yao ikagonga mwamba, wakajitoa.

Ikiwa mabingwa wenye waamuzi na kanuni zilizoandikwa walifika huko, basi marafiki wanane waliokusanyana kwenye kundi la WhatsApp wana sababu zaidi ya kujipanga. Kufungwa hakuvunji timu ya marafiki. Kinachoivunja ni mambo ambayo hakuna aliyeyasema kabla ya mchezo wa kwanza. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuanza, na wapi pa kupatana mapema.

Mahali pa kuchezea

Tovuti mbili zinajulikana zaidi. Lichess ilianzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis. Ni ya bure, haina matangazo, na huendeshwa kwa michango ya watumiaji. Chess.com ilifunguliwa mwaka 2007. Kucheza ni bure, ila baadhi ya huduma zake zinalipiwa. Zote mbili zina programu ya simu, na zote zinaruhusu kuunda timu au klabu yenu, kualika wanachama na kuandaa mashindano ya ndani.

Kila mmoja afungue akaunti yake mwenyewe, kisha nahodha atunze orodha ya nani ni nani, maana majina ya mtandaoni huchanganya watu. Kwa mechi za kirafiki chagueni michezo isiyohesabiwa kwenye kiwango. Mtu anayehofia kushuka kiwango hucheza kwa woga, na mgeni asiyejua nguvu za wenzake hukata tamaa haraka.

Sataranji haili bando kubwa, kwa kuwa kinachosafiri ni taarifa ya kete ipi imetoka wapi kwenda wapi. Kinachomaliza bando ni simu ya video mnayopiga pembeni huku mkicheza. Kama mnataka kusikilizana, sauti peke yake inatosha.

Watu wangapi, na nani akae wapi

Katika Olimpiadi ya kawaida, ambayo ya kwanza ilifanyika London mwaka 1927, timu huchezesha watu 4 kwa mpigo na kuwa na mmoja wa akiba. Idadi hiyo inawafaa marafiki pia: si wachache kiasi kwamba mmoja akiugua mechi imekufa, wala si wengi kiasi cha kushindwa kupatana siku.

Pangeni wachezaji kwa nguvu, kuanzia ubao wa kwanza hadi wa nne, na kila timu ipeleke safu yake kwa maandishi kabla ya kuona ya wenzao. Bila hivyo utakuta nahodha anamtoa mchezaji wake dhaifu kumkabili mkali wa upande wa pili, ili wakali wake wavune kwingine. Safu ikishatumwa haibadilishwi siku hiyo, isipokuwa wa akiba anapoingia.

Kushinda ni pointi 1, sare nusu, kufungwa 0. Tuseme ubao wa kwanza umepoteza, wa pili umetoa sare, wa tatu na wa nne wameshinda: timu imeshinda 2½ kwa 1½. Rangi hupangwa kwa zamu: timu iliyotajwa kwanza inachukua nyeupe kwenye ubao wa 1 na wa 3, na nyeusi kwenye wa 2 na wa 4.

Mkiwa wanane tu: kila mmoja akutane na kila mmoja

Kundi la watu wanane linaweza kucheza jioni nzima bila kutafuta timu nyingine. Tumieni mfumo unaoitwa Scheveningen, kwa jina la mji wa Uholanzi ambako mwaka 1923 wachezaji kumi wa kigeni walipambana na Waholanzi kumi. Kila mchezaji wa timu A anakutana na kila mchezaji wa timu B, kwa mpangilio huu:

- Raundi ya 1: A1–B1, A2–B2, A3–B3, A4–B4
- Raundi ya 2: A1–B2, A2–B1, A3–B4, A4–B3
- Raundi ya 3: A1–B3, A2–B4, A3–B1, A4–B2
- Raundi ya 4: A1–B4, A2–B3, A3–B2, A4–B1

Timu A wote wachukue nyeupe raundi ya 1 na ya 3, timu B raundi ya 2 na ya 4. Hapo kila mtu atakuwa amecheza mara mbili kwa kila rangi. Michezo ni 16, kwa hiyo timu inayofikisha pointi 8½ imeshinda. Uzuri wa mfumo huu ni kwamba hata mchezaji wa nne anapata nafasi ya kumjaribu mkali wa upande wa pili, na nusu pointi atakayomnyang'anya ina uzito uleule.

Muda wa mchezo

Mkiona 10+5, maana yake kila mchezaji ana dakika 10, na kila anapocheza anaongezewa sekunde 5. Nyongeza hii inahusishwa na Bobby Fischer, bingwa wa zamani wa dunia, aliyepewa hataza ya saa yake nchini Marekani mwaka 1989. Kwa wanaocheza mtandaoni ina faida ya ziada: simu ikichelewa kidogo, hupotezi mchezo ambao ulikuwa umeshaushinda.

Pigeni hesabu kabla ya kuchagua. Mchezo wa hatua 40 kwa 10+5 unampa kila mmoja dakika 13 na sekunde 20, yaani hauzidi dakika 27 kwa wote wawili. Raundi nne ni chini ya saa mbili, bila kuhesabu mapumziko. Mkichukua 15+10, mchezo huohuo unaweza kugonga dakika 43, na raundi nne zitawafikisha usiku mkubwa. Michezo ya 3+2 inachangamsha, lakini wanaojifunza huishia kukimbizana na saa badala ya kufikiri.

Saa ipi, na ya wapi?

Timu za marafiki siku hizi zina watu walioko mbali. Mechi ya saa mbili usiku Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ni saa moja usiku Kigali, Bujumbura na Goma, na ni saa tatu usiku Muscat. Aliyeko London ni saa kumi na mbili jioni wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na moja wakati wa baridi.

Tovuti nazo zinaandika 20:00. Ukituma ujumbe usemao "mechi saa 2" bila kutaja usiku wala mji, mmoja atakuja saa mbili usiku, mwingine atakuwa alikusubiri tangu saa nane mchana. Andikeni yote: "Jumamosi, saa mbili usiku ya Nairobi, 20:00." Kisha mpatane muda wa kumsubiri aliyechelewa. Dakika 15 zinatosha. Zikipita, wa akiba anaingia.

Mtandao ukikatika

Hapa ndipo ugomvi huzaliwa, kwa hiyo andikeni kanuni na kila mmoja aikubali kabla ya kucheza. Kumbukeni kwamba saa iko kwenye seva, haiko kwenye simu yako. Ukikatika, muda wako unaendelea kuliwa; ukirudi, ubao unaukuta ulivyouacha. Kanuni rahisi kwa mechi za kirafiki inaweza kuwa hii:

- Aliyekatika kabla ya hatua ya 10 na kushindwa kurudi, mchezo unarudiwa mara moja tu, kwa rangi zilezile.
- Kuanzia hatua ya 10, matokeo ya tovuti ndiyo matokeo, hata kama umeme umekatika mtaa mzima.
- Mwenye malalamiko amweleze nahodha wake. Manahodha wawili wakishindwa kuelewana, mtu wa tatu aliyetajwa mapema anaamua, na neno lake ni la mwisho.

Kwa upande wako, chaji simu mapema, zima programu zinazojisasisha zenyewe, na washa hali ya kutosumbuliwa. Kwenye baadhi ya simu na mitandao, mtu akikupigia tu intaneti inasimama. Utakuwa unamsalimia shangazi huku dakika zako zikiyeyuka.

Msaada unaoruhusiwa na usioruhusiwa

Programu ya Stockfish ni ya bure na huwashinda hata mabingwa wa dunia. Kuifungua wakati wa mchezo ni udanganyifu, na tovuti zote mbili huchunguza michezo na kuziadhibu akaunti zinazobainika. Ila kwenye timu kuna kishawishi kingine kisichoonekana kibaya: mwenzako amemaliza mapema, anaangalia mchezo wako, anakuandikia, "Angalia farasi wake." Huo nao ni udanganyifu. Fungeni mazungumzo ya kundi mechi inapoanza, myafungue mchezo wa mwisho ukiisha.

Desturi ya mechi za timu imempa nahodha nafasi ndogo: anaweza kumshauri mchezaji wake atoe au akubali sare, bila kusema lolote kuhusu kete zilivyokaa. Hiyo ndiyo ladha ya mchezo wa timu. Kama wenzako wameshakusanya pointi 2 na wewe ndiye wa mwisho, sare yako inaipa timu ushindi. Kutafuta ushindi wako binafsi na kufungwa ni kuwaangusha.

Mkikosa nafasi ya pamoja

Wenye zamu za kazi wanaweza kucheza michezo ya siku kadhaa kwa kila hatua. Kwenye mechi za klabu za aina hii Chess.com, kila wawili hucheza michezo miwili kwa wakati mmoja, mmoja nyeupe na mmoja nyeusi.

Njia nyingine ni timu nzima kushauriana na kucheza ubao mmoja. Mwaka 1999 Garry Kasparov, naye bingwa wa zamani wa dunia, alicheza na timu ya aina hiyo iliyoitwa dunia: zaidi ya watu 50,000 walijiunga upande wa pili, wakichagua kila hatua kwa kura, na Kasparov akashinda baada ya hatua 62 na miezi minne. Marafiki watatu kwa watatu wanaweza kuiga: kila timu ina kundi lake la siri, inapiga kura, nahodha anacheza.

Mkiwa wanne tu, jaribuni wawili kwa wawili ambapo mmoja anataja aina ya kete, mfano "ngome", na mwenzake anachagua ngome ipi na iende wapi, bila kujadiliana. Mtacheka sana, na mtajua haraka nani anafikiri kama nani.

Baada ya mechi, na kwa watoto

Siku inayofuata, kila mmoja achague mchezo wake mmoja na kuuliza swali moja: mambo yaligeukia wapi? Lichess ina sehemu ya masomo ambamo wote mnaweza kusogeza kete na kuandika maoni kwenye ubao mmoja. Jadilini wenyewe kwanza, kompyuta ije mwisho.

Kama timu ina watoto, mtu mzima ajue wanacheza na nani. Lichess ina hali ya mtoto inayozima mawasiliano yote na wageni, iwasheni. Jina la akaunti lisitaje shule wala mtaa.

Kabla ya kutuma mwaliko wa kwanza, basi, andikeni ujumbe mmoja wenye mambo saba: siku na saa, tovuti, muda wa mchezo, safu, kanuni ya kukatika kwa mtandao, marufuku ya msaada, na jina la mwamuzi. Ubandikeni juu ya kundi. Atakayejiunga mwezi ujao ausome kabla ya kucheza.