Uso Wangu Kwenye Karatasi: Kumfundisha Mtoto Kujichora

Wakati wa mazoezi ya ualimu nilipewa darasa la tano la shule moja ya msingi hapa Lubumbashi, watoto 43. Somo la juma lilikuwa "Mimi na jamaa yangu". Niliwaambia wajichore, kisha waandike sentensi tano za Kiswahili chini ya picha. Nilipokusanya karatasi nikakuta picha 43 za mtoto mmoja: amesimama wima, anatabasamu, macho yako juu kabisa karibu na nywele. Sentensi nazo zilikuwa mapacha: ninaitwa fulani, nina miaka kumi, ninapenda shule. Wengi walikuwa wamepaka uso rangi ya waridi, kwa kuwa kalamu hiyo ndiyo wanayoiita "rangi ya ngozi".

Kosa lilikuwa langu. Niliomba sura, sikuomba hali ya moyo.

Juma lililofuata nilikuja na nakala ya mchoro wa Chéri Samba, J'aime la couleur, wa mwaka 2003. Samba alizaliwa 1956, na kabla ya kujulikana alikuwa akichora vibao vya matangazo Kinshasa. Mara nyingi hujichora mwenyewe, na huandika maneno juu ya turubai, jambo linalotuhusu sisi watu wa lugha. Katika mchoro huo kichwa chake kimekuwa kama utepe unaozunguka, mbingu inaonekana kati ya mikunjo, na meno yameuma brashi inayochuruzika rangi. Watoto walicheka. Mmoja akauliza kama haumii. Nikawarudishia swali: kwa nini mtu ajichore hivyo? Jibu likatoka nyuma ya darasa: "Kichwa chake kinazunguka!"

Mtoto yule alikuwa amenipa njia. Kiswahili kina misemo mingi ya mwili ambayo tayari ni michoro: kukunja uso, kutoa macho, kuvimba kichwa, moyo mzito, roho juu. Tuliiandika ubaoni, kisha kila mtoto akachagua siku moja ya maisha yake na msemo unaoifaa. Aliyevimba kichwa alijichora na kichwa kilichojaza karatasi nzima. Aliyetoa macho mbele ya mbwa wa jirani alichora macho makubwa kuliko mikono. Hakuna aliyeuliza tena, "Mwalimu, nichore nini?"

Kioo nilikitumia dakika chache tu, kiwasaidie kuona kwamba macho yako katikati ya kichwa, si juu. Hilo ni la kujua, lakini si kiini cha somo. Kwa rangi, niliwaomba waweke kalamu zote juu ya mkono wao na kulinganisha. Wakaanza kuchanganya kahawia, nyeusi na nyekundu kidogo. Sikukataza rangi nyingine yoyote, ila mtu aseme sababu. Msichana mmoja alijipaka kijani: siku ile alikuwa na malaria. Sababu hiyo ilinitosha.

Kulikuwa na mvulana aliyejichora bila kinywa. Mimi, niliyesoma kurasa mbili tatu za saikolojia, nilikwisha kumtungia huzuni nzima. Nikainama: "Baba, niambie juu ya picha yako." Akajibu: "Mwalimu, kinywa kinanishinda kuchora." Niliona haya.

Tangu hapo ninauliza kwanza, na swali lenyewe ninaliacha wazi. "Kwa nini una huzuni?" tayari ni jibu la mwalimu.

Lakini mwingine alijichora mdogo sana pembeni, masikio makubwa kama ya sungura. Nilimwuliza vilevile: "Mama, niambie juu ya picha yako." Alinyamaza, nami sikumlazimisha. Mwishoni aliandika sentensi moja badala ya tano: "Usiku ninasikia yote." Ngeli sahihi, wakati sahihi wa kitenzi. Nilimweleza mwalimu wa darasa, yeye peke yake, na picha hiyo sikuisoma mbele ya wenzake.

Shule ilitaka kazi zote zibandikwe ukutani na zipewe alama. Alama nilizitoa kwa sentensi tu. Kuhusu ukuta, nilimwuliza kila mtoto: 31 walikubali. Msichana yule alikunja karatasi yake mara nne, akaitia katikati ya daftari la hesabu.