Supu ya kunazi na usingizi unaokatika

*Nina miaka 52 na natumia dawa za presha. Kila usiku naamka saa nane, silali tena. Ndugu yangu aliyerudi kutoka Guangzhou ameniletea supu ya Kichina ya usingizi. Je, ninywe? Mama J., Tanga*

Supu inayojulikana sana kwa shida hii ni ganmai dazao, yaani urukususu, ngano na kunazi nyekundu. Imo katika Jingui Yaolue, kitabu cha tabibu Zhang Zhongjing wa mwanzoni mwa karne ya 3, na ililengwa kwa wanawake wenye majonzi, wanaolialia. Kunazi hizo wauzaji huziita tende za Kichina, ingawa si tende hata kidogo. Ni ndugu wa kunazi za pwani, ngozi imekunjamana, nyama laini kama sponji. Ngano nzima gramu 30 hivi na kunazi 10 huchemshwa pamoja na urukususu kwa moto mdogo, kisha huchujwa.

Kwa mwenye presha, tatizo ni urukususu. Huufanya mwili ushikilie chumvi na kupoteza potasiamu, presha ikapanda. Dawa nyingi za presha za kukojoza huzidisha upotevu huo. Uachwe kabisa, kunazi zina utamu wa kutosha.

Ushahidi kwamba supu hii huleta usingizi ni haba. Inywewe mapema jioni, la sivyo kibofu ndicho kitakachokuamsha. Katika umri huo, joto la ghafla la kukoma hedhi na chai ya usiku huvunja usingizi pia. Daktari aonwe hali ikizidi miezi 3, au kukiwa na huzuni isiyoisha, au mkoromo unaokatiza pumzi.