BIBI HARUSI ALIYEACHWA PEKE YAKE
Somo: Waamuzi 14:10–20, 15:6

Wiki hii nimekuwa nikiangalia picha moja kwa simu. Ilichorwa mwaka 1638 na Rembrandt, Mholanzi, na sasa iko Dresden, Ujerumani. Ni harusi ya Samsoni.

Mwanga umemwangukia bibi harusi. Amevaa taji, ameketi kimya kati ya wageni wanaojifurahisha. Samsoni yuko kando yake, lakini amempa mgongo. Anawategea watu kitendawili huku akihesabu kwa vidole. (Dau la mavazi 30, jamani!)

Huyu dada tunamlaumu sana eti alitoa siri. Hebu soma mstari wa 15 polepole: alitishwa kwamba atachomwa moto pamoja na nyumba ya baba yake. Akalia siku baada ya siku mbele ya mumewe. Hatusomi popote kwamba Samsoni alimwuliza analilia nini hasa. Na mwishowe walimchoma kweli, yeye na babake.

Nilikumbuka harusi yangu hapa Eldoret. Nilishinda nikizunguka hemani na wanakamati, mambo ya michango na chakula, mke wangu akabaki meza kuu na keki. Jana jioni nikamwuliza kama siku ile kulikuwa na kitu alitaka kuniambia.

Akaweka kikombe cha chai chini.

"Baba watoto, umechelewa miaka 19," akasema. "Lakini vuta kiti."