Hasira baada ya kikao

Swali: Mimi ni mshauri nasaha. Kuna mteja ambaye kila akiondoka nabaki na hasira. Je, sifai kazi hii?

Jibu: Unafaa, mwenzangu, ila hasira hiyo usiifukie. Mwaka 1910 Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi wa nafsi, aliiona hali hii ya mtabibu kuguswa kihisia na mgonjwa kuwa kikwazo. Mwaka 1950 mchanganuzi wa nafsi Paula Heimann akasema hisia za mtabibu ni chombo cha kumwelewa mgonjwa. Naafikiana na Heimann. Utafiti wa Marekani wa 2005, uliowahoji madaktari wa akili na wanasaikolojia 181, ulibaini makundi 8 ya hisia hizo, yakiwemo kuzidiwa, kuhisi umedharauliwa, hata kutaka kumlinda mgonjwa kama mzazi. Jiulize: je, mteja huyu nyumbani kwake nako huwaachia watu hasira hiyohiyo? Lizungumze jambo hili na msimamizi wako kabla ya kikao kijacho.