Land Rover la Zamani na Kadi Yake

Katika somo letu la leo tunazungumzia magari ya zamani. Hapa Daa ukisema gari la zamani, watu wanaelewa Land Rover. Ndilo lililopanda kilima cha Rhotia wakati wa matope, limebeba ngano, wagonjwa na vitunguu vya Mang'ola. Mengine bado yanatembea. Mengine yamelala nyuma ya nyumba, kuku wanataga ndani.

Tuanze na hesabu. Toka mwaka 2013 hadi 2017, gari lenye injini ya ujazo wa 1,501 hadi 2,500 lilitozwa leseni ya shilingi 200,000 kila mwaka. Injini ya petroli ya Land Rover nyingi za zamani ni 2,286, basi zilikuwa humo. Gari litembee, lisitembee, deni lilihesabiwa. Miaka minne ni shilingi 800,000, na faini bado.

Juni 2017 Waziri wa Fedha, Dk. Philip Mpango, alitangaza bungeni kwamba ada hiyo inafutwa na madeni ya nyuma yanasamehewe. Ada ikawa ya kulipwa mara moja tu, siku gari linaposajiliwa. Badala yake, ushuru wa petroli, dizeli na mafuta ya taa uliongezwa shilingi 40 kwa kila lita.

Tupige hesabu tena. Mzee ana Land Rover la kwendea mnadani tu. Linakunywa lita 20 kwa mwezi, yaani lita 240 kwa mwaka. Zidisha kwa 40: shilingi 9,600. Kwake ni nafuu kubwa. Lakini tusisahau bibi mwenye kibatari na mwenye mashine ya kusaga ya dizeli. Hao hawana gari, na nyongeza ile iliwagusa. Wenzetu wa Uingereza wana njia nyingine: gari lililopita miaka 40 huweza kusamehewe kodi ya barabara, ila lazima liwe limeandikishwa.

Basi kama ada imekwisha, shida iko wapi? Iko kwenye kadi. Magari mengi ya hapa yameuzwa mara tatu nne kwa kupeana mkono, na kadi ina jina la mtu wa kwanza. Likigonga mtu, polisi watamtafuta mwenye jina. Nawe uliyelipa fedha huna cha kuonyesha. Kwa hiyo ukinunua, andikeni mkataba, wote wawili muwe na namba ya mlipa kodi (TIN), kisha mbadilishe jina TRA. Kuna ada yake. Ulizeni ofisini kabla ya kupatana bei.

Kama mwenye kadi amefariki, kazi ni ndefu kidogo. Ukoo ukae kikao, uandike muhtasari na kumchagua msimamizi wa mirathi, naye aende Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo. Msitie saini ya marehemu! Hiyo ni kughushi, hata kama watoto wote wamekubali.

Gari likirudi barabarani, bima ni lazima, angalau ile bima ndogo. Oktoba 2024 Land Rover nyingi zilikusanyika Arusha kwa tamasha lao, na wengi waliona kumbe chuma kile kina thamani. Wanunuzi wanaweza kufika hata huku. Watauliza kadi kwanza.

ZOEZI: Gari linakunywa lita 35 kwa mwezi. Kwa nyongeza ya shilingi 40, mwenyewe atalipa kiasi gani kwa mwaka? Je, kadi ya gari lenu ina jina la nani?