Baharia Asipojulikana Alipo: Haki za Familia na Mipaka ya Msaada wa Serikali

Tarehe 2 Septemba 2020, meli ya mifugo Gulf Livestock 1 ilizama karibu na Japani wakati wa kimbunga, ikitoka New Zealand kwenda China na ng'ombe wapatao 6,000. Ilikuwa na watu 43, na 39 kati yao walikuwa raia wa Ufilipino. Walionusurika ni wawili. Bendera iliyopeperushwa na meli hiyo ilikuwa ya Panama, hivyo familia moja ya baharia ililazimika kufuatilia habari na haki katika nchi zaidi ya tatu.

Hali hiyo yaweza kuifika familia yoyote ya Kenya yenye mtu wake baharini.

Kwanza ni utafutaji. Kwa Mkataba wa Kimataifa wa Utafutaji na Uokoaji wa mwaka 1979, bahari zimegawanywa katika maeneo, na kila eneo lina nchi yenye dhamana. Kituo cha Mombasa kina eneo lake. Meli ikizama karibu na Japani, wenye kuamua ni Wajapani. Serikali yetu haiwezi kuwaamuru waendelee kutafuta. Iwezalo, kupitia ubalozi, ni kuomba utafutaji uongezwe, kupata taarifa rasmi, kuthibitisha nani walikuwamo melini, na kusaidia kumrejesha nyumbani aliyepatikana, akiwa hai au amefariki. Ni vyema familia ilijue hilo mapema, maana wengi hupoteza siku za mwanzo wakigonga mlango usio wake.

Peleka taarifa kwa Wizara ya Mambo ya Nje na kwa Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya, na umjulishe wakala aliyempatia baharia kazi. Taja jina la meli, bendera yake, na namba yake ya IMO yenye tarakimu saba. Namba hii ndiyo ya kutegemewa kuliko yote: meli huuzwa, hupakwa rangi na kupewa jina jipya, lakini namba haibadiliki. Baharia na aiache nyumbani kabla ya kuondoka, pamoja na nakala ya mkataba wake wa ajira, pasipoti na kitabu chake cha baharia.

Jambo la pili ni fedha, na hapa ndipo familia huumia zaidi. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unamtaka mwenye meli awalipe mabaharia fidia ya kukosa kazi pale meli inapopotea au kuzama. Fidia hiyo yaweza kuwekewa kikomo cha mishahara ya miezi miwili. Kadhalika, tangu Januari 2017 marekebisho ya mkataba huo yanataka meli iwe na dhamana ya fedha, ambayo aghalabu ni bima, ya kulipia kifo au ulemavu wa kudumu unaotokana na kazi. Hati ya dhamana hiyo hubandikwa melini mahali pa wazi, na ina jina la mtoa dhamana. Baharia aipige picha aitume nyumbani siku anapopanda.

Masharti hayo yanasema malipo ya kimkataba yatolewe kamili bila kucheleweshwa, na kwamba pasiwe na shinikizo la kukubali pungufu. Na pale ulemavu wa kudumu wa baharia unapofanya iwe vigumu kukadiria fidia kamili, baharia ana haki ya malipo ya awali ili asitaabike. Basi akija mtu na karatasi ya kutia sahihi, akidai kwamba fedha hazitatoka msipokubali kuacha madai mengine yote, msitie sahihi. Ombeni nakala, mpelekeeni wakili au chama cha mabaharia. Mwenye haraka kuliko mfiwa ana sababu yake.

La tatu ni gumu zaidi: mtu asiyeonekana si maiti kisheria. Sheria ya Ushahidi ya Kenya inaruhusu kumdhania mtu amefariki iwapo hajasikika kwa miaka saba kwa wale ambao wangepaswa kumsikia. Ufilipino, kwa aliyekuwa kwenye meli iliyopotea, kipindi hicho ni miaka minne. Hata hivyo dhana si njia pekee; wakili aweza kuiomba mahakama ipime ushahidi wa ajali yenyewe: orodha ya waliokuwamo, maelezo ya walionusurika, ripoti ya nchi ya bendera. Kwa Waislamu, masuala ya ndoa na mirathi ya aliyepotea hupelekwa kwa Kadhi. Mke asikubali kuambiwa na shemeji au jirani kwamba eda imekwisha anza. Hukumu hiyo si yao.

Wakati huohuo, muulizeni mtoa dhamana kwa maandishi ni ushahidi gani anaoutaka ili alipe, na majibu yake yahifadhiwe. Anayepiga simu akisema baharia yuko hospitali ng'ambo na zinatakiwa fedha za matibabu upesi, mwombeni jina la hospitali, kisha mthibitishe kupitia ubalozi kabla ya kutuma hata shilingi moja.