Tingatinga la Silanga: Tununue au Tukodi?

Kiangazi ndio wakati wa kuchimba silanga, na vikundi vingi hutuuliza swali hili moja: tununue tingatinga letu wenyewe ama tukodi? Tushike kalamu tuhesabu pamoja.

Tuseme, kwa mfano tu, tingatinga lililotumika linauzwa shilingi 4,000,000, na kukodi ni shilingi 5,000 kwa saa. Silanga yenu inataka saa 100. Hiyo ni 500,000. Hata mkichimba silanga moja kila mwaka, mtakodi miaka 8 ndipo mfikie ile bei ya kununua. Na hapo hatujataja spea wala mlinzi wa usiku.

Kikundi kimoja cha akina mama hakikuhesabu hivyo. Waliuza mbuzi, wakaongeza mkopo, wakanunua tingatinga kuukuu. Silanga ikachimbwa, nzuri kabisa. Kisha pampu ya haidroliki ikaharibika, tingatinga likalala chini ya mwembe. Tulipowatembelea, kuku alikuwa ametaga kwenye kiti cha dereva, na mkopo ulikuwa bado unalipwa kila mwezi. Sisi nasi tulikosa. Siku ya kuamua tulikuwa mkutanoni, tukapiga makofi kama wengine.

Kununua kunafaa kama kazi ipo karibu kila wiki na fundi yuko karibu. Vikundi kadhaa vyenye kazi ya miezi mingi vinaweza kuungana na kukodi kwa mkataba wa mwaka mzima. Mnalipa kila mwezi, tingatinga linabaki la mwenyewe. Lakini someni vizuri: likiharibika, nani anatengeneza? Msipouliza, huenda mzigo huo ukawa wenu.

Kwa silanga moja, kodini. Kabla ya kutia sahihi ulizeni: bei hiyo ina dizeli na dereva ndani yake? Trela la kulileta na kulirudisha, nani analipa? Mvua ikinyesha likasimama, tunalipa? Kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kipatikane kwanza, maana tingatinga likikaa hapo likingojea karatasi, ni pesa zenu zinaenda. Halafu chagueni mtu mmoja, asiwe mwenyekiti, awe anasoma mita ya saa likiwashwa asubuhi na likizimwa jioni. Aandike kwenye daftari, na dereva aweke sahihi papo hapo.